Orodha ya Wafiadini Si Hati ya Mashtaka

Tarehe 14 Septemba 2025, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, Papa Leo wa 14 aliongoza ibada katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, akiwa na wawakilishi wa Makanisa mengine ya Kikristo, kuwakumbuka Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani katika robo ya kwanza ya karne hii. Tume iliyoundwa na Papa Fransisko mwezi Julai 2023 ilikuwa imekusanya majina 1,624: watu 643 katika Afrika kusini mwa Sahara, 357 Asia na Oseania, 304 katika mabara ya Amerika, 277 Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, na 43 Ulaya. Haikuchukua muda idadi hiyo kufika Dar es Salaam. Mimi ilinifikia kupitia kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, tena mara mbili katika usiku mmoja. Ujumbe wa kwanza ulishangilia kwamba Kanisa limepata watakatifu wapya 1,624. Wa pili uliweka swali moja tu chini ya idadi: "Watatumaliza mpaka lini?" Hakuna aliyeuliza hao wanaotumaliza ni akina nani, kwa sababu kila msomaji alikuwa ameshajijazia jibu lake.

Nasema mapema kwamba jumbe zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zote zinakitazama kifo na kukihesabu, wakati mapokeo ya Kanisa kuhusu mashahidi yanatazama maisha yaliyokitangulia kifo na sababu iliyomfanya mtu abaki pale alipouawa. Orodha ya Roma haikumtangaza mtu yeyote mtakatifu, maana mchakato huo una njia yake na unamchunguza kila mmoja kwa jina lake. Wala orodha hiyo si hesabu ya madeni tunayowadai watu wa imani nyingine. Tukiisoma kwa namna hizo mbili tutawapoteza watu wenyewe tunaodai kuwaenzi. Nitajikita kwa mapadri, kwa kuwa maisha yao yameandikwa kwa kirefu zaidi na vifo vyao ndivyo vinavyozua mabishano makali zaidi, ingawa sitaweza kuwazungumzia bila kuwagusa mabruda, masista na walei waliokufa kando yao.

Kiswahili kimetupa maneno mawili kwa jambo hili, na tofauti yake inastahili kuangaliwa. "Mfiadini" ni aliyeifia dini, hivyo neno lenyewe linaanzia kwenye kifo. "Shahidi" ni mtu aliyeona jambo na akasimama kulisema. Huenda akauawa kwa sababu ya ushahidi wake, lakini alikuwa shahidi kabla hajaguswa na mtu. Wakristo wa Afrika Mashariki walipowaita vijana wa Namugongo Mashahidi wa Uganda walitumia neno lenye asili ya Kiarabu ambalo majirani zao Waislamu walikuwa nalo siku zote, na kwa kufanya hivyo wakalikaribia sana neno la Kigiriki la Agano Jipya, "martus", ambalo maana yake ya kwanza nayo ni mtoa ushahidi. Katika lugha nyingi za Ulaya maana hiyo imefunikwa na picha ya damu. Kwetu bado iko wazi: mama anayeitwa mahakamani Kisutu kueleza alichokiona sokoni ni shahidi, na Karoli Lwanga ni shahidi. Mtu anayetaka kuelewa Kanisa linatafuta nini linapochunguza kifo cha padri aanze na huyo mama wa Kisutu, kwa sababu mahakama haimuulizi kwanza aliumia kiasi gani. Inamuuliza aliona nini, na kama ushahidi wake unaaminika.

Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, aliandika kwamba kinachomfanya mtu kuwa shahidi si adhabu anayopewa bali sababu ya adhabu hiyo. Alikuwa akibishana na watu wa zama zake waliojihesabia haki kwa wingi wa wafu wao, na hoja yake ndiyo iliyobeba kanuni zote zilizofuata. Katika karne ya 18 Prospero Lambertini, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 14, aliziweka kanuni hizo kwa utaratibu ambao kwa sehemu kubwa unatumika hadi leo. Uchunguzi unawatazama watu wawili. Aliyeua anatazamwa ili ijulikane kama alisukumwa na chuki dhidi ya imani, au dhidi ya fadhila inayotoka katika imani hiyo. Aliyeuawa anatazamwa ili ijulikane kama alikipokea kifo kwa hiari, bila kukitafuta na bila kulipiza. Ugumu wa jambo hili unaonekana vizuri kwa padri Mfransisko Maximilian Kolbe, ambaye mwaka 1941 katika kambi ya Auschwitz alijitolea kufa kwa njaa mahali pa baba wa familia asiyemfahamu. Alipotangazwa mwenye heri, hatua inayotangulia kutangazwa mtakatifu, mwaka 1971 hakutangazwa kama shahidi, kwa sababu askari wa kambi hakumchagua yeye wala hakumuuliza habari za imani. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu akiwa shahidi, ingawa washauri hawakuwa wameridhika kwamba sharti la chuki limethibitika. Papa Fransisko naye, mwaka 2017, alifungua njia nyingine kwa ajili ya waliotoa uhai wao kwa upendo, kama wanaowahudumia wagonjwa hadi wakaambukizwa na kufa, akaitenga njia hiyo na ushahidi wa damu. Kanisa lenyewe, basi, limekuwa likijihadhari lisilipanue neno hili hadi likakosa maana.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri mashahidi wanne: mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, wote Waitalia wa shirika la Waksaveri, pamoja na padri wa Kikongo, Albert Joubert. Waliuawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964, Baraka na Fizi, wakati wa uasi wa wapiganaji walioitwa Simba dhidi ya serikali ya Kongo. Huku kwetu habari hiyo ilipita bila kishindo, nami naona tulikosa jambo kubwa, kwa kuwa Joubert ni karibu ndugu yetu. Baba yake, nahodha Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, aliwahi kuwalinda wamisionari na watu waliokimbia biashara ya utumwa pale Karema, upande wetu wa ziwa, kabla hajahamia ng'ambo na kumwoa Agnes Atakaye. Albert alizaliwa mwaka 1908 na kupata upadri mwaka 1935, hivyo siku aliyouawa alikuwa amekwisha kuwa padri kwa karibu miaka 30, katika nchi ambayo ngozi yake ya uchotara ilimfanya atazamwe kwa shaka na pande zote mbili.

Namna walivyokufa ni fupi kusimulia. Kiongozi wa waasi alifika Baraka kwa gari, akamwamuru Bruda Faccin apande. Bruda akakataa, akapigwa risasi papo hapo. Padri Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotoka aliuona mwili wa mwenzake, na alipoamriwa naye apande alijibu kwamba kama wanataka kumuua anapendelea kufa pamoja na ndugu yake, akapiga magoti kando ya maiti. Jioni ya siku hiyo waasi walifika Fizi, Padri Didonè akafungua mlango na kuuawa pale pale mlangoni, kisha Padri Joubert. Carrara alikuwa na miaka 31, Didonè 34, Faccin 30, Joubert 56. Kwa anayehesabu, hao ni wanne tu katika vita vilivyoua maelfu. Kwa anayetafuta ushahidi, mambo ya kutazama ni mengine: padri kijana aliyekuwa akiondolea watu dhambi dakika chache kabla, na padri mzee Mkongo ambaye angeweza kudai kwamba ugomvi na wageni haumhusu. Siku tatu baadaye, Isiro, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa na afisa wa waasi hao hao kwa kuulinda usafi aliouwekea nadhiri. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenye heri mjini Kinshasa mwaka 1985 alitamka msamaha kwa muuaji wake hadharani.

Sasa nirudi Dar es Salaam, maana hapa ndipo hoja yangu inapopata mtihani mgumu. Kila anayepita mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile linalotazama bandari, anapita mbele ya kazi ya Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, waliolijenga kati ya mwaka 1897 na 1902. Wamisionari hao walikuwa wameanza Pugu mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya watu wa pwani vilivyoongozwa na Abushiri, misheni yao ya Pugu ilivamiwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakatekwa. Miaka 16 baadaye, tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa misheni ya Peramiho, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, akiwa safarini kwenda kusini, siku za mwanzo kabisa za Vita vya Maji Maji. Nimekwenda hija Pugu zaidi ya mara moja, na kila mara nimesikia mahujaji wakiwaita watu hao wafiadini bila kusita. Naelewa mapenzi yaliyo ndani ya neno hilo, lakini nadhani tunalitamka haraka mno.

Wapiganaji wa Maji Maji ni mashujaa wa taifa hili. Kila tarehe 27 Februari Songea inawakumbuka viongozi walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ni haki ikumbuke. Makumi ya maelfu ya watu walikufa katika vita vile, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na majeshi ya kikoloni yaliyochoma mashamba na maghala. Mpiganaji aliyekutana na msafara wa Askofu Spiss alimwona nani? Inawezekana alimwona mtu wa Mungu wa wageni, na akamchukia kwa sababu hiyo. Inawezekana vilevile alimwona Mjerumani kama Mjerumani mwingine yeyote, yule wa kodi, wa kiboko na wa mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Misheni na serikali ya kikoloni zilitofautiana kwa mengi, lakini zilikuja kwa meli zinazofanana na kuzungumza lugha moja, na mkulima wa Liwale hakuwa na sababu ya kuzitenganisha. Kwa hiyo anayeharakisha kumwita Spiss shahidi analazimika, atake asitake, kumfanya mpiganaji yule adui wa imani. Lakini na yule anayesema kwamba askofu alikuwa wakala wa ukoloni tu, na kwamba alistahili yaliyompata, anawafuta masista wawili waliokuwa safarini naye, ambao hawakutoza kodi ya mtu yeyote.

Ukiweka Liwale na Baraka sambamba, mambo yanayofanana yanashangaza. Pande zote mbili palikuwa na vita dhidi ya utawala uliochukiwa, na wapiganaji walioamini maji ya dawa yangewakinga na risasi: maji ya Kinjikitile kule, maji ya Mulele huku. Pande zote mbili waliuawa wamisionari wa Ulaya. Hata hivyo, kundi moja limetangazwa na Kanisa kuwa mashahidi, na kwa jingine mimi binafsi sithubutu kulitumia neno hilo. Tofauti ninayoiona iko katika kile kinachoweza kushuhudiwa. Wale wanne waliuawa nyumbani kwao, kati ya waumini waliowajua kwa majina, waliowaona wakikataa na wakichagua, na ambao kwa miaka 60 waliendelea kusimulia. Padri wa Kikongo aliyekufa kati yao anaifanya hoja ya chuki dhidi ya wageni peke yake isitoshe. Msafara wa Spiss uliuawa porini, na simulizi zilizobaki zimepita kwanza katika mikono ya Wajerumani wenyewe. Kukiri hivyo hakumpunguzii askofu heshima. Kunampa heshima anayostahili kila mtu aliyekufa, ya kutosemewa neno ambalo hakulisema.

Kuna wanaopinga kutoka upande mwingine kabisa, wakidai kwamba mapadri wengi wanaoitwa mashahidi wa nyakati zetu waliuawa kwa siasa na wala si kwa imani. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa, kwani hata ndani ya Kanisa ndiyo iliyoukwamisha kwa miaka mingi mchakato wa Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador, aliyepigwa risasi akiadhimisha Misa tarehe 24 Machi 1980. Waliomuua walikuwa wamebatizwa. Vivyo hivyo waliomuua Padri Rutilio Grande mwaka 1977, akiwa njiani kwenda kusali Misa, pamoja na mzee Manuel Solórzano na kijana Nelson Rutilio Lemus. Vivyo hivyo vijana wa mafia waliompiga risasi Padri Pino Puglisi mjini Palermo tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza miaka 56, kwa kosa la kuwavuta watoto wa mtaa wa Brancaccio waje parokiani badala ya kuajiriwa na wahalifu. Puglisi aliwaambia wauaji wake, kwa tabasamu, kwamba alikuwa akiwatarajia. Je, hayo ni siasa? Nakubali kwamba mauaji hayo yalikuwa na faida ya kisiasa au ya kiuchumi kwa walioyapanga. Lakini padri anayefundisha kwamba mkulima ni sura ya Mungu hajatoka nje ya katekisimu, na anayemuua ili mafundisho hayo yakome anaichukia imani pale inapomgusa, hata kama Jumapili anakaa benchi la mbele. Sharti la chuki dhidi ya imani halikuondolewa kwa ajili ya Romero, ambaye hatimaye alitangazwa mwenye heri mwaka 2015 na mtakatifu mwaka 2018. Lilieleweka kwa kina zaidi, kwamba mtu anaweza kuichukia Injili huku akivaa rozari shingoni. Padri Jerzy Popiełuszko wa Poland, aliyeuawa na maofisa wa usalama mwaka 1984, alihubiri kila mwezi kwamba ubaya ushindwe kwa wema, na serikali yake iliyaogopa maneno hayo kuliko silaha.

Wapo pia wanaouliza kwa nini watu hawa hawakukimbia, na swali lao wakati mwingine limebeba lawama, kana kwamba kubaki ni ukaidi au ni njia ya kujiua kwa heshima. Injili yenyewe inajibu: "Watakapowafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine." Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago, alijificha wakati wa dhuluma ya mwaka 250, akasemwa vibaya na baadhi ya watu wake, na alipouawa tarehe 14 Septemba 258 hakuna aliyeweza tena kusema kwamba alikuwa mwoga. Padri Stanley Rother, Mmarekani kutoka Oklahoma aliyehudumu Santiago Atitlán nchini Guatemala tangu mwaka 1968, alijifunza lugha ya Watz'utujil na kusaidia kuitafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Jina lake lilipoingia katika orodha ya watu wa kuuawa, aliondoka mwezi Januari 1981 akarudi kwao. Mwezi Aprili alirejea ili aadhimishe Juma Kuu na waumini wake, na tarehe 28 Julai akauawa ndani ya nyumba ya parokia. Kabla ya kuondoka alikuwa ameandika kwamba mchungaji hawezi kukimbia hatari inapoonekana mara ya kwanza, na aliyerejea ni mtu aliyekwisha kuonja salama ya nyumbani. Miezi ile mitatu ya Oklahoma ndiyo ninayoitazama zaidi katika maisha yake, kwa sababu hapo ndipo ushahidi wake ulipopimwa. Hakuna aliyemlazimisha kurudi, na mtu anayetamani kufa hahitaji kwanza kukimbia.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya ujumbe wa pili wa usiku ule, kwamba orodha ya mashahidi ni orodha ya makosa ya Waislamu dhidi yetu. Ni kweli, na haifai kufichwa, kwamba katika sehemu nyingi za Afrika na Mashariki ya Kati makundi yenye silaha yanayodai kuutumikia Uislamu yamewaua mapadri na waumini. Padri Jacques Hamel, mzee wa miaka 85, alichinjwa altareni Ufaransa mwaka 2016. Padri Ragheed Ganni aliuawa Mosul mwaka 2007 pamoja na mashemasi wadogo watatu. Lakini orodha hiyo hiyo ina majina 304 kutoka mabara ya Amerika, ambako wauaji wengi ni wafanyabiashara wa dawa za kulevya, wanyang'anyi wa ardhi na watu waliobatizwa utotoni. Inamtaja Sista Dorothy Stang, aliyeuawa Amazoni kwa kuwatetea wakulima wadogo. Romero, Puglisi, Popiełuszko, Carrara, Kolbe: hakuna hata mmoja wao aliyeuawa na Mwislamu kwa jina la Uislamu. Na kule Namugongo, ambako kila tarehe 3 Juni tunapeleka mabasi ya mahujaji, makumi ya vijana Waislamu waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa miaka ya 1870, kwa sababu walikataa kuiacha ibada yao, miaka 10 hivi kabla ya akina Lwanga. Ardhi ile iliwapokea mashahidi wa Kiislamu kwanza.

Wanaotaka orodha iwe silaha wangesoma habari za Algeria, ambako watu 19, wakiwemo mapadri kadhaa na Askofu Pierre Claverie wa Oran, walitangazwa wenye heri tarehe 8 Desemba 2018. Claverie aliuawa kwa bomu tarehe 1 Agosti 1996 pamoja na dereva wake, kijana Mwislamu Mohamed Bouchikhi, ambaye alijua hatari ya kumwendesha askofu na akaendelea kumwendesha. Padri Christian de Chergé, mkuu wa watawa wa Tibhirine waliotekwa na kuuawa mwaka huo huo, aliacha wosia uliofunguliwa baada ya kifo chake. Humo aliandika kwamba hawezi kufurahia kuitwa shahidi ikiwa watu wa nchi aliyoipenda watatwishwa wote hatia ya kifo chake, na alimwita atakayemuua rafiki wa dakika ya mwisho. Alikuwa na sababu. Ujanani, akiwa askari huko huko Algeria, rafiki yake Mwislamu alimkinga asiuawe, na siku iliyofuata rafiki huyo akakutwa ameuawa. Anayemtumia de Chergé kuwashtaki Waislamu wa Kariakoo au wa Temeke anamnyang'anya jambo la pekee aliloomba kwa maandishi.

Hoja yenye nguvu kweli dhidi ya uangalifu wa Kanisa ni kwamba uangalifu huo huchelewa hadi mashahidi wa tukio wanakufa, na nakiri kwamba sina jibu kamili. Miaka 60 kwa mashahidi wa Uvira ni mingi mno. Wengi waliowaona hawakuwepo tena siku ya kutangazwa. Dawa ya ucheleweshaji, hata hivyo, iko mikononi mwa parokia na majimbo kabla ya kuwa mikononi mwa Roma, kwa kuwa Roma huchunguza kilichoandikwa, na kisichoandikwa hakichunguziki. Asubuhi ya Jumapili tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar akiwa anafika kanisani kuadhimisha Misa. Nani alimuua na kwa nini ni swali la polisi na mahakama, na Kanisa halina sababu ya kulijibu kwa niaba yao wala kuacha kudai lijibiwe. Swali la pili, padri huyo alikuwa nani kwa wale aliowahudumia, alisalije, aliishije na majirani wasio wa dini yake, ni letu, na kulijibu hakuhitaji kungoja lile la kwanza. Mpaka uchunguzi halali ufanyike mimi simwiti shahidi wala simkatalii jina hilo. Ninachotaka ni kwamba waumini wake waandikwe majina na maneno yao, mmoja mmoja, wangali hai.

Kazi ya namna hiyo ingebadilisha pia tunavyowahubiri mashahidi. Homilia za tarehe 3 Juni jijini mwetu hukaa sana kwenye moto wa Namugongo na kupita haraka kwenye mafunzo ya katekisimu ambayo vijana wale waliyafuata kwa siri usiku, wakati mafunzo hayo ndiyo yaliyowafanya wasiweze kusema uongo mbele ya Kabaka. Kijana wa Mbagala anayesikia habari za moto peke yake atavutiwa au ataogopa, kisha atarudi nyumbani bila kitu cha kufanya Jumatatu. Akisikia kwamba Carrara alikuwa akiungamisha, kwamba Rother alikuwa akihangaika na sarufi ya lugha ngumu, kwamba Puglisi alikuwa akitafuta uwanja wa watoto kuchezea mpira, atakuwa amesikia mambo anayoyaweza.

Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu, tangu mwaka 1996 wamekuwa wakiishi maelfu ya wakimbizi kutoka Fizi, Baraka na Uvira. Wanazungumza Kiswahili. Waksaveri walikusanya ushahidi wao ng'ambo ya ziwa, lakini huku kwetu pia wapo wazee ambao mwaka 1964 walikuwa watoto wakikimbizana kando ya misheni hizo. Aliyekuwa na miaka 10 siku Padri Carrara alipotoka kanisani sasa amepita 70.